Fasti ia mnaoanza kusoma mambo ya uchaguzi, anzeni na kuhesabu

Wadogo zangu mnaoingia UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) kusoma siasa, najua mnakuja na moto wa kujadili katiba mpya na tume ya uchaguzi, na mi naupenda sana huo moto, ila nilichokiona kwa wengi ni kwamba mtu anajua maneno yote ya mageuzi lakini hajawahi kukaa na karatasi akahesabu kura zilezile kwa kanuni tofauti.

Jaribuni hivi hostel. Watu 100 wanachagua CR, yaani mwakilishi wa darasa. 40 wanamtaka Neema, wa pili kwao Masanja. 35 wanamtaka Juma, wa pili Masanja. 25 wanamtaka Masanja, na kati yao 20 wa pili kwao ni Juma na 5 ni Neema. Mwenye kura nyingi ndo mshindi? Neema. Mkirudia kura kwa wawili wa juu tu, Juma anapata 55, Neema 45. Sasa mshindanishe Masanja na kila mmoja peke yake, anampiga Neema 60 kwa 40 na Juma 65 kwa 35, yaani yule aliyeshika mkia ndo anayewashinda wote! Hakuna aliyeiba hata kura moja hapo, kanuni tu imebadilika. Condorcet, yule mwanahisabati Mfaransa, alilionesha hili tangu 1785.

Ukishalielewa hilo, Katiba yetu unaisoma kwa macho mengine kabisa. 1995 Rais alitakiwa kuvuka nusu ya kura, mabadiliko ya 2000 yakaliondoa sharti hilo na sasa ibara ya 41(6) inataka tu awe amewazidi wenzake, wakati Wakenya wao wanataka zaidi ya nusu ya kura zote pamoja na angalau 25% kwenye zaidi ya nusu ya kaunti. Wengi wanabishana Tume iwe ya nani, ni hoja kubwa kweli, lakini hawagusi kabisa swali la kura ngapi zinatosha.

Afu kuna viti maalum, vile vya wabunge wanawake, hapa tulieni kidogo. Kura yako ya mbunge inafanya kazi mbili, inachagua mbunge wa jimbo na pia inahesabiwa kwenye jumla ya chama, na chama kikifikisha 5% ya kura halali zote za ubunge kinagawiwa viti maalum kwa uwiano, yaani kulingana na kura zake. Kwa hiyo mtu wa Kondoa ambaye mgombea wake kaanguka, kura yake haijafa moja kwa moja, na mi inaniuma kuona mtu anamaliza digrii hajui hilo wakati Bunge lenyewe liko hapahapa Dodoma.

Mfano wa nje someni Lesotho. 1998 chama kimoja kilipata kama 60% ya kura kikabeba majimbo 79 kati ya 80, kilichofuata na karibu robo ya kura kikaambulia moja, fujo zikawaka mpaka majeshi ya nje yakaingia, na kufikia 2002 wakaongeza viti 40 vya uwiano.

Ile ripoti ya Tume ya Jaji Nyalali ya 1991, iliyoangalia kama Tanzania ibaki na chama kimoja au iwe na vyama vingi, pia itafuteni. Na mkikaa discussion kila mtu apewe kanuni moja aitetee kwa namba, hata kama haiamini, afu wiki inayofuata mnabadilishana.