Ukatili Hauachwi Mwaloni

Kwa miaka minne nilisimamia mitumbwi mitatu ya dagaa ya mjomba wangu katika mwalo mmoja, yaani ufuko wa kuegeshea mitumbwi na kushushia samaki, upande wa Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, na miaka yote hiyo nilijulikana kuwa mtu mkali, sifa ambayo sikuiona kuwa aibu. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa zinazowavuta, zamani karabai na siku hizi zaidi za sola, na mbalamwezi inapotanda wavuvi hupumzika. Kwa hiyo kila usiku wa giza una thamani yake, na msimamizi anayetaka kusifiwa na tajiri hujifunza upesi kufoka, kisha kupiga.

Usiku mmoja taa ilizama. Kijana aliyekuwa akiitunza hakuwa hata amefikisha miaka 18. Asubuhi, mbele ya akina mama waliokuwa wakianika dagaa mchangani, nilimchapa kwa kipande cha kamba nikimwita mwizi, kwa madai kwamba alikuwa ameificha ili aiuze. Alijikunja, akafunika kichwa kwa mikono yote miwili. Baadhi ya watu walicheka, nami nikacheka. Siku mbili baadaye taa hiyo ilinaswa na wavu wa mtumbwi mwingine, na mimi sikumwambia neno.

Nimelifikiria sana lile neno mwizi, kwa sababu ndilo lililonirahisishia kazi. Huku kwetu Usukumani wako vikongwe waliouawa kwa kuitwa wachawi, na macho yao mekundu yakachukuliwa kuwa ushahidi, ilhali wekundu huo waliupata jikoni, kwa kupuliza moto wa kuni na samadi maisha yao yote. Jina likishabandikwa, mpigaji hamwoni tena bibi wala kijana. Anaona lile jina tu, na huruma haina pa kushika.

Yule kijana alibaki kazini kwa kuwa hakuwa na nauli ya kurudi kwao, lakini alianza kugugumiza kila nilipomsogelea, na kabla ya mwaka kwisha nilimkuta akimpiga mateke mtoto mdogo aliyekuja kuokota dagaa walioanguka. Matusi aliyotumia yalikuwa yangu, neno kwa neno.

Kwa upande wangu, nilidhani sikupata dhara lolote. Nilikuwa nikilala vibaya, nikailaumu kazi ya usiku. Kisha siku moja nyumbani binti yangu aliangusha glasi, na kabla sijafungua mdomo alijikunja, akafunika kichwa kwa mikono yote miwili. Sikuwa nimewahi kumpiga hata kofi moja. Ila sauti ya mwaloni ilikuwa imenifuata hadi sebuleni bila mimi kujua, kwa maana mtu aliyejizoeza kutosikia kilio cha mmoja hana uwezo wa kuchagua kilio kipi ataendelea kukisikia.

Baadaye nilisoma kuhusu Rachel MacNair, mwanasaikolojia wa Marekani, aliyechambua taarifa za wanajeshi waliopigana Vietnam na kuona kwamba waliosema waliua walikuwa na dalili nzito zaidi za msongo wa baada ya tukio la kutisha kuliko waliosema hawakuua. Kosa langu si la kiwango hicho, lakini nilijitambua.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayesimamia watu ni kwamba, ukijikuta unahitaji kumpa mtu jina baya kabla ya kumwadhibu, ondoka hapo kwanza, utembee hadi mwisho wa mwalo na kurudi. Na kama umekwisha kumdhalilisha mtu hadharani, usimwombe radhi pembeni kwa sauti ya chini; kosa lililotendwa mbele ya watu hukiriwa mbele ya watu walewale. Umlipe pia anachodai, wala usimdai msamaha kana kwamba umeununua.

Mimi nilichelewa. Nilipomtafuta alikuwa amehamia Kirumba, akipakia magunia ya dagaa kwenye malori. Nilikiri mbele ya wapakiaji wenzake, ingawa wale akina mama wa Igombe walioshuhudia nikimchapa hawakuwapo kunisikia, kisha nikampa fedha za siku zote nilizomkata kwa ajili ya ile taa. (Mjomba aliposikia alisema nimelegea.) Kijana alizihesabu taratibu, mara mbili, akazitia mfukoni.

“Nimekusikia, mzee,” alisema, akainama kulichukua gunia lililofuata.