Usiiuze CZ kabla ya kuijaribu Glock

Ndugu, umeuliza kama uiuze bastola yako ya CZ 75 uliyoizoea kwa miaka tisa ili ununue Glock 17, kwa kuwa ya kwanza inakulemea kiunoni. Lalamiko lako ni la haki: bastola hiyo ya chuma inakaribia kilo moja bila risasi, ilhali Glock, ambayo fremu yake ni ya plastiki ngumu, haifiki gramu 700. Hata hivyo, uzito uo huo unaokuchosha kwenye foleni ya Thika Road ndio unaotuliza mkono unapofyatua. Mimi niliiuza yangu kwa pupa, na kwa miezi kadhaa matundu yalitawanyika kwenye karatasi ya shabaha kama mtama uliomwagika. Ijaribu Glock kwanza kwenye uwanja wa shabaha ulioidhinishwa. Ukiamua kuuza, usimkabidhi mtu silaha kwa mapatano ya mdomo, hata akiwa shemeji yako, kwani sheria inamtaka naye awe na cheti cha kumiliki silaha, na shughuli yote ipitie Bodi ya Leseni za Silaha. Ikiwa tatizo ni kiuno tu, anza na mkanda mpana wa ngozi.