Mombasa hadi Dubai: kilomita na saa za ndege

Dada, umeuliza ni kilomita ngapi, na mbona tiketi inaonyesha kutoka saa tatu usiku na kufika saa tisa usiku. Kutoka uwanja wa ndege wa Moi, hapa Mombasa, hadi Dubai ni kama kilomita 3,670 ukipima njia fupi kabisa ya angani. Usipime kwa ramani ya barabara, hiyo itakupoteza.

Ndege ya jeti ikishatulia juu huenda kama kilomita 800 kwa saa. Gawanya, utapata saa nne na nusu na kitu. Ongeza nusu saa ya kupaa, kushuka na kuzunguka uwanjani: jumla kama saa tano. Upepo huweza kupunguza au kuongeza dakika kadhaa.

Sasa kwenye tiketi, kutoka saa tatu hadi saa tisa ni saa sita, lakini hiyo saa ya sita si ya safari. Dubai wako mbele yetu kwa saa moja, na tiketi huandika saa za kila mji. Mwambie anayekupokea akufuate saa tisa ya kwao. Hapa Mombasa itakuwa saa nane. Kama unabadilisha ndege Nairobi au Addis Ababa, hesabu hii haitoshi, jumlisha na muda wa kusubiri.