Damu Iliyomwagwa na Mwajiriwa wa Kampuni Iko Shingoni mwa Nani?

SWALI: Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh, Sheikh wetu. Mimi ni mkazi wa Mtwara Vijijini, karibu na Mto Ruvuma. Shemeji yangu, aliyekimbia Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, na kuvukia upande wetu mwaka 2021, anasimulia kuwa kijijini kwao raia walipigwa risasi na watu wenye silaha ambao hawakuwa askari wa serikali wala hawakuwa waasi, bali waliajiriwa na kampuni. Hapa barazani tumegawanyika. Wapo wanaosema dhambi ni ya aliyefyatua risasi, wapo wanaosema ni ya kampuni iliyomtuma, na wapo wanaosema ni ya serikali iliyoikodi kampuni hiyo. Jambo hili limenikaa zaidi moyoni kwa sababu mwanangu, aliyepitia JKT, ameahidiwa kazi na kampuni ya ulinzi ya kigeni. Je, damu ile iko shingoni mwa nani? Na mshahara wa mwanangu utakuwa halali?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakaatuh, ndugu yangu. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, pamoja na jamaa zake na masahaba zake. Wengi wanaoniuliza kuhusu kazi hizi huanza na mshahara, na damu wakaisahau kabisa. Wewe umeanza na damu, na mimi nitafuata mpangilio wako.

Kwanza tuweke mipaka ya maneno yetu. Kisa cha shemeji yako siwezi kukihukumu, kwa kuwa sijawasikia mashahidi wala hao wanaotuhumiwa, na Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Surat al-Hujuraat, aya ya 6, tuihakiki habari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua. Ninachoweza kusema ni kwamba tuhuma za aina hiyo si uzushi wa barazani. Tarehe 2 Machi 2021 shirika la Amnesty International lilitoa ripoti kuhusu Cabo Delgado, ikidai kuwa helikopta za kampuni ya Dyck Advisory Group ya Afrika Kusini, iliyokuwa na mkataba na polisi wa Msumbiji, ziliwafyatulia watu risasi na kuwarushia mabomu ya mkono bila kubagua raia na mpiganaji. Ripoti hiyohiyo iliwatuhumu pia waasi na vikosi vya serikali kwa mauaji, na ni dhulma kunukuu sehemu moja na kuificha nyingine. Kampuni ilijibu kwamba inazichukulia tuhuma hizo kwa uzito na kwamba itapeleka wanasheria kuchunguza. Mwezi Aprili mwaka huohuo mkataba wake ulikwisha. Kabla yake, mwaka 2019, walikuwako watu wa Wagner, kampuni ya mamluki kutoka Urusi, nao hawakukaa muda mrefu.

Kwisha kwa mkataba ndiko kunakowatatiza watu. Askari wa serikali akidhulumu, serikali yake ipo na makao yake yanajulikana. Mwajiriwa wa kampuni huondoka na ndege, mwenye kampuni yuko nchi ya pili, aliyelipa yuko nchi ya tatu, na kila mmoja humwelekeza mfiwa kwa mwenzake. Sharia haikubali mzunguko huo, na dalili iliyo wazi kuliko zote ni kisa cha Banu Jadhima.

Baada ya kufunguliwa Makka, mwaka wa 8 Hijria, Mtume (S.A.W.) alimtuma Khalid bin al-Walid kwa watu wa kabila hilo awalinganie Uislamu. Wao hawakujua kulitamka vizuri neno la kusilimu, wakasema neno jingine walilodhani linatosha. Khalid akaua baadhi yao, wengine akawateka, kisha akaamrisha kila mtu amuue mateka wake. Abdullah bin Umar akaapa kwamba hatamuua mateka wake na kwamba hakuna mwenzake yeyote atakayemuua wa kwake. Habari zilipomfikia Mtume (S.A.W.) aliinua mikono na kusema mara mbili: “Ewe Mwenyezi Mungu, mimi najitenga kwako na alilolifanya Khalid.” Haya yamo katika Sahihi ya Bukhari. Wanahistoria wa Sira, akiwemo Ibn Is-haq, wanaongeza kwamba kisha alimtuma Ali bin Abi Talib na mali, akalipa dia (fidia ya damu) ya waliouawa na thamani ya kila kilichoharibika, hata chombo cha kunyweshea mbwa, na mali iliyobaki akawaachia palepale kwa tahadhari, pengine kuna hasara ambayo haikutajwa.

Zingatia jinsi mambo yalivyofuatana. Mtume (S.A.W.) hakuamrisha mauaji yale na alijitenga nayo waziwazi, lakini hakusema kwamba kwa kuwa hakuyaamrisha basi hayamhusu. Aliyetuma ndiye aliyelipa. Kwa hiyo serikali inayoikodi kampuni kufanya kazi ya bunduki katika ardhi yake haiwezi kujitoa kwa kusema, “Wale hawakuwa askari wetu,” na kampuni nayo haiwezi kujitoa kwa kusema, “Yule alivunja kanuni zetu, tumeshamfukuza kazi.” Kulaani kitendo ni wajibu wa kwanza, na kufidia ni wajibu wa pili, cha kwanza hakiondoi cha pili. Hata mataifa yalipokaa Montreux, Uswisi, mwaka 2008 na kuandika waraka juu ya kampuni hizi, yalikiri kuwa dola haiepuki wajibu wake kwa kuukabidhi kwa kampuni, ingawa waraka wenyewe haumfungi mtu kisheria.

Ama aliyefyatua, huyo hana pa kukimbilia kabisa. Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba hakuna utii katika kumuasi Mwenyezi Mungu, na kwamba utii ni katika mema tu. Mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafi wamelipambanua suala hili kwa umakini unaostahili kusomwa upya leo. Aliyeamrishwa kuua bila kulazimishwa, naye anajua kuwa anayeuawa hana hatia, kisasi ni juu yake, na aliyemuamrisha ana dhambi na ataadhibiwa kwa kadiri atakavyoona kadhi. Akiwa alilazimishwa kwa kutishiwa nafsi yake, kauli yenye nguvu ni kuwa wote wawili wanabeba, kwa sababu nafsi ya mtu si bora kuliko nafsi ya mwenzake. Na ikiwa mtekelezaji alipewa amri na mwenye mamlaka, naye hakujua kuwa ni dhulma, basi mzigo humwangukia aliyeamrisha. Rubani aliyeambiwa kwamba waliopo chini ni wapiganaji na akawa hana njia ya kujua vinginevyo si sawa na rubani aliyeona wanawake na watoto wakikimbia naye akaendelea. Tofauti hiyo itajulikana kwa uchunguzi, na ndiyo sababu anayeuzuia uchunguzi anawadhulumu wote wawili: mwenye haki anakosa haki yake, na asiye na hatia hasafishiki.

Ikiwa kuua kulikuwa kwa kukosea, Surat an-Nisaa, aya ya 92, inaelekeza kafara na dia ikabidhiwe jamaa za aliyeuawa, na aya hiyo inawataja pia watu ambao baina yetu na wao kuna ahadi. Nalisema hili makusudi, maana Cabo Delgado wanaishi Waislamu na Wakristo, kama ilivyo kwetu kusini, na nimesikia mtu akiuliza kwanza dini ya maiti kabla ya kuuliza aliuawaje. Mtume (S.A.W.) amesema kuwa atakayemuua mtu mwenye ahadi hatainusa harufu ya Pepo.

Je, kampuni yenyewe itahukumiwa? Duniani ndiyo, kwa sababu ina mali, na mali yake ndiyo itakayolipa. Akhera kampuni haina roho ya kufufuliwa. Watakaosimama ni wanadamu: aliyetia saini mkataba huku akijua walivyo watu anaowatuma, aliyeandika ripoti ya uongo, aliyepokea malipo akanyamaza. Na jambo la kwanza kuhukumiwa baina ya watu siku hiyo ni damu.

Kuna suala jingine ambalo hukuliuliza, lakini jibu halikamiliki bila hilo, nalo ni msamaha. Tarehe 16 Septemba 2007, katika uwanja wa Nisour mjini Baghdad, walinzi wa kampuni ya Blackwater ya Marekani waliwafyatulia raia risasi, na kwa hesabu ya wachunguzi wa Iraki waliokufa ni 17. Mahakama za Iraki hazikuweza kuwagusa, kwa sababu amri ya mwaka 2004 ya utawala wa uvamizi ilikuwa imewakinga wakandarasi wa kigeni na sheria za nchi hiyo. Walinzi wanne walitiwa hatiani Marekani mwaka 2014, kisha mwezi Desemba 2020 Rais Donald Trump akawasamehe. Msamaha huo una nguvu katika sheria ya nchi yao, lakini katika Sharia hauigusi haki ya wafiwa, kwa kuwa Surat al-Israa, aya ya 33, imempa walii (jamaa mwenye haki ya kudai damu) wa aliyeuawa kwa dhulma mamlaka hayo. Yeye ndiye wa kudai kisasi, au kukubali dia, au kusamehe. Mtawala hana ruhusa ya kutoa sadaka mali isiyo yake, sembuse damu isiyo yake.

Aya hiyohiyo inamkataza walii kupita kiasi, na hapa nawasemesha vijana wa vijiji vya mpakani. Kisasi hutekelezwa kwa hukumu ya mahakama, hakitekelezwi na mtu wala kikundi. Waasi waliokivamia kijiji cha Kitaya, hapahapa Mtwara, Oktoba 2020, ni watu wanaojua kuutumia uchungu wa mfiwa kumvuta aingie kundini kwao. Damu ya mkulima wa Kitaya haifuti damu ya mkulima wa Palma, Cabo Delgado.

Shemeji yako ana kazi moja, nayo ni ushahidi. Mwenyezi Mungu anasema katika Surat al-Baqarah, aya ya 283, kwamba mwenye kuuficha ushahidi moyo wake unaingia dhambini. Aeleze alichokiona kwa macho yake, akitenganishe na alichosimuliwa, ataje mahali na wakati kadiri anavyokumbuka, na maelezo hayo yaandikwe mbele ya wakili au mbele ya watu wa haki za binadamu wanaoaminika. Hilo si kusengenya, kwa kuwa aliyedhulumiwa ameruhusiwa kusema. Wala asikate tamaa kwa kupita kwa miaka. Wairaki watatu walioteswa katika gereza la Abu Ghraib waliishitaki kampuni ya CACI ya Marekani mwaka 2008, na ilikuwa Novemba 2024 ndipo wazee wa baraza la mahakama huko Virginia walipoamua walipwe dola milioni 42. Kampuni ilikana na kukata rufaa, lakini madai yalifika mbele ya hakimu.

Nije kwa mwanao. Kulinda watu na mali kwa ujira ni kazi halali kwa asili yake, na jina la kampuni, iwe ya kigeni au ya hapa, halibadilishi hukumu. Kinachobadilisha ni kile anachoajiriwa kukifanya. Akilinda ghala, bandari au msafara, anaruhusiwa kumzuia mshambuliaji kwa njia nyepesi inayotosha: anayezuilika kwa onyo hapigwi, na anayekimbia hauawi. Akipelekwa kushambulia vijiji, au kutesa wanaohojiwa, mkataba huo ni batili na mshahara wake ni haramu, kwa kuwa Surat al-Maidah, aya ya 2, inatukataza kusaidiana katika dhambi na uadui. Mtume (S.A.W.) aliwakataza wapiganaji wake kuwaua wanawake na vibarua, na wengi wa watu wanaokutwa mashambani ng'ambo ya Ruvuma ni wa makundi hayo mawili.

Kabla hajatia saini, wakili amsomee mkataba wote. Ajue kazi itafanyika nchi gani na kwa idhini ya nani, ajue ni mahakama ya wapi itakayosikiliza kesi akidhulumu au akidhulumiwa, na ajue kama kampuni imeweka bima ya kuwalipa watakaodhurika. Aulize mbele ya mashahidi itakuwaje akikataa amri ya kumpiga asiye na silaha, maana Ibn Umar alikataa na hakuna aliyemlaumu. Wakimjibu kwamba atafukuzwa kazi, aache. Na akikuta kifungu kinachomzuia kusema lolote aliloliona kazini, hata mauaji, asikubali kukitia saini. Waislamu wako juu ya masharti yao, isipokuwa sharti linalohalalisha haramu au kuharamisha halali, na hilo ni miongoni mwa masharti hayo. Akiwa tayari amelitia saini kwa kutojua, halimfungi kuficha ushahidi wa damu.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.