Miungu 20 ni mingi, anza na mmoja wa mto

Ndugu, umesema umeshaandika miungu 20 ya ulimwengu wa mchezo wako wa kuigiza wahusika, kila mmoja na milki yake, lakini wachezaji wako hawamtaji hata mmoja. Nakuelewa kabisa. Ulichonacho ni orodha ya vyeo, ilhali dini huonekana katika yale watu wanayofanya wakiwa na hofu au shida.

Chukua mmoja tu, wa mto. Mvuvi anamnong'oneza kabla ya kutupa wavu. Mjane hafui nguo siku ile mumewe alipozama. Kuhani anadai samaki wa kwanza wa kila mtumbwi, na vijana wameanza kunung'unika. Hapo mchezaji ana la kuamua: asimame na nani?

Kisha ruhusu mkanganyiko. Katika Misri ya kale, Amun alikuwa mungu wa Thebes. Mji ulipopata nguvu akaunganishwa na Ra, mungu wa jua, akawa Amun-Ra. Siasa ilibadilisha ibada. Basi na vijiji vyako viwili vigombanie jina moja.

Hao 19 waweke kando kwanza. Na yule anayecheza kuhani, mwulize mwenyewe: mhusika wake huomba lini, na huomba nini?