Mwaka wa Kwanza, Acheni Kukimbilia Chumba 101

Nimemaliza kusahihisha insha zenu juu ya riwaya ya 1984 ya George Orwell, na kabla sijarudisha makaratasi naomba tuongee kidogo. Kwa aliyesahau kisa: Winston anaishi Oceania, dola la Chama na kiongozi wake Kaka Mkubwa; anampenda Julia kwa siri, wanakamatwa, na O'Brien, ofisa wa Chama, anamtesa ndani ya Wizara ya Upendo hadi Chumba 101, anakotishwa kwa panya. Wadogo zangu, karibu nyote mmeanzia mahali pamoja: panya. Aya ya kwanza panya, aya ya pili panya, hitimisho "hivyo basi mateso humvunja mtu". Mmoja ameandika kwamba Winston alikamatwa kwa kosa la kufuga panya. Huyo alidesa, yaani alinakili, usiku wa manane, tena alidesa kutoka kwa mtu aliyedesa.

Kila mwaka makosa ni yale yale, hata tahajia yake ni ile ile. Nayaandika hapa mara moja ili mwakani nisahihishe makosa mapya, angalau.

1. Someni riwaya yenyewe. Najua bumu, pesa zenu za mkopo, limechelewa na nakala za maktaba zimechanika, lakini desa la kurasa mbili haliwezi kukupa ile seli ya Wizara ya Upendo, na bila seli ile huna insha. Parsons yumo mle, jirani yake Winston, mnene, mwenye jasho, mtiifu wa Chama hata usingizini. Tatizo ni huko usingizini: alisema "Kaka Mkubwa aanguke", na binti yake wa miaka saba, aliyekuwa ametega sikio kwenye tundu la kufuli, kesho yake akamripoti. Parsons anajivunia mtoto. Anaona amemlea vizuri.

Halafu yupo yule mfungwa aliyekonda hadi uso umebaki fuvu. Bumstead, mtu asiye na kidevu, anaona kwamba mwenzake anakufa njaa. Anapapasa mfukoni, anatoa kipande cha mkate kichafu, anavuka chumba kumpa. Teliskrini, ile televisheni inayomtazama mtu, inafoka, askari anaingia, anamtandika Bumstead ngumi ya mdomo hadi meno yake ya bandia yanatoka vipande viwili. Dakika chache baadaye yule mwenye fuvu anaambiwa aende Chumba 101. Anapiga magoti. Anasema ana mke na watoto watatu, mkubwa hajafika miaka sita, wawachinje wote mbele yake na yeye atasimama atazame, ila wasimpeleke kule. Wasipomsikiliza anamnyooshea kidole Bumstead: mchukueni huyo, mimi siyo. Ni yule yule aliyemletea mkate. Winston amekaa kwenye benchi hapo hapo, anatazama yote haya. Mwandishi ametuonyesha mwisho wa kitabu kabla mateso hayajaanza, na ninyi mmeruka kurasa hizo kukimbilia panya.

2. Futeni sentensi "Orwell alitabiri". Kitabu kilitoka Juni 1949, na mwandishi alikuwa akiandika mambo aliyokwisha kuyaona au kuyasoma magazetini: alikuwa ofisa wa polisi wa kikoloni Burma tangu 1922 hadi 1927, mwaka 1937, kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, alitoroka Barcelona wenzake wakikamatwa na watu waliodhaniwa kuwa upande mmoja nao, na kesi za Moscow za 1936 hadi 1938 zilikuwa zimeshaionyesha dunia wanamapinduzi wakongwe wakikiri uhaini mahakamani. Jones, Aaronson na Rutherford, wanamapinduzi watatu wa zamani wanaokiri uhaini ndani ya riwaya, hawakutoka hewani.

3. Kukiri siyo kusaliti. Winston mwenyewe anamweleza Julia jambo hili kabla hawajakamatwa: watatupiga, tutasema kila kitu, lakini hilo halitakuwa usaliti, usaliti ni wakinifanya nisikupende tena. Julia anakubali, anasema hawawezi kuingia ndani yako. Anayeandika "Winston alimsaliti Julia alipotaja majina" hajasoma sura ya saba ya Sehemu ya Pili. Ndani ya Wizara ya Upendo amesema kila analolijua juu ya Julia, tabia zake, chakula walichonunua kwa magendo, walikolala, na bado anamwambia O'Brien hajamsaliti. O'Brien, cha ajabu, anakubali. Marks tano ziko hapo na hakuna anayeziokota.

4. Kiapo. Hapa nitakaa, maana hapa ndipo nilipoaibika.

Nilikuwa mwaka wa pili, nikapewa kuwasilisha Sehemu ya Tatu kwenye semina. Nilipiga msuli kweli. Nilivaa hadi shati la mikono mirefu. Hoja yangu ilikuwa moja na niliipenda kupita kiasi: Winston ni utu wenyewe uliosimama dhidi ya Chama, msafi hadi dakika ya mwisho, na kama si ule mtego wa panya angeshinda. Nilinukuu pale anapomwambia O'Brien kwamba roho ya binadamu itawashinda. Nilinukuu kwa sauti ya mhubiri. Wenzangu wakapiga makofi, na mimi nikaanza kukusanya karatasi zangu kama mtu aliyemaliza kazi.

Mhadhiri wetu alikuwa mama mpole, na upole wake ndio uliotutia hofu. Hakunipinga. Aliniomba nifungue Sehemu ya Pili, sura ya nane, Winston na Julia walipokwenda nyumbani kwa O'Brien kujiunga na Undugu, kundi la siri la kukipinga Chama. Mimi nisome maswali ya O'Brien, darasa lijibu kama anavyojibu Winston.

Mko tayari kutoa maisha yenu? Ndiyo! Darasa zima, kwa kicheko. Mko tayari kuua? Ndiyo! Mko tayari kufanya hujuma itakayoua mamia ya watu wasio na hatia? Ndiyo, ila kicheko kimepungua. Kughushi, kuwaharibu watoto akili, kugawa dawa za kulevya, kusambaza magonjwa ya zinaa? Ndiyo, za hapa na pale. Ikiwa itasaidia kazi yetu kummwagia mtoto tindikali usoni, mko tayari? Pale nilisikia sauti moja tu kutoka nyuma, na mwenye sauti ile alijikohoza kama vile hakusema yeye.

Nikajitetea. Nilisema, "Daktari, yale yalikuwa maneno tu. Hakumwagia mtu tindikali." Akanijibu nifungue sasa Sehemu ya Tatu, sura ya tatu, palepale nilipotoa nukuu yangu, nisome aya zinazofuata. Mnajua kilichopo. O'Brien anamuuliza Winston kama anajiona bora kuliko wao, na uongo wao na ukatili wao. Winston anasema ndiyo. O'Brien anawasha mashine, na Winston anajisikia kwa sauti yake mwenyewe, usiku ule wa kiapo, akiahidi kuua, kuiba na kummwagia mtoto tindikali. Walikuwa wamemrekodi.

Niliyajua yale. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Sikuwa mvivu kama ninyi, nilikuwa nimesoma. Kwenye nakala yangu sentensi ya roho ya binadamu ilikuwa na mstari wa penseli chini yake, mara mbili, na aya ya mashine ya kurekodi haikuwa na hata nukta. Iliniharibia hoja, nikaipita. Kazi ya Winston pale Wizara ya Ukweli ni kuchukua habari isiyokipendeza Chama na kuitumbukiza kwenye tundu la kumbukumbu iungue. Nami niliifanya kazi hiyo bila mshahara, tena kwa shauku.

Mama yule akaniuliza swali la mwisho: katika maswali yote, ni lipi walilojibu hapana? Ni moja. Mko tayari kutengana, msionane tena? Julia anadakia, "Hapana!" Winston anachelewa, ulimi unamgomea, kisha naye anasema hapana. "Kwa hiyo," akasema, "O'Brien ameondoka na nini jioni ile?"

Ameondoka na orodha ya kila kitu ambacho Winston yuko tayari kukiuza, na kitu kimoja ambacho hayuko tayari. Panya nao, mnaowapenda sana, wako sura ya nne ya Sehemu ya Pili: chumba cha juu ya duka la Charrington walimokuwa wakikutana kwa siri, panya anachomoza ukutani, Winston anakuwa mweupe kama karatasi na kusema hakuna kinachomtisha duniani kama panya. Nyuma ya picha ya ukutani ipo teliskrini. Shajara yake nayo, ile ambayo aliweka chembe ya vumbi jeupe juu ya jalada ili ajue kama imeguswa, waliisoma, na wakairudisha hata ile chembe mahali pake. Chumba 101 hakina siri mpya hata moja. Kila kilichomvunja Winston kilitoka mdomoni mwake au kwenye kalamu yake, na wao walikiweka kwenye faili na kusubiri.

Sasa rudini kwa panya, ruhusa mnayo. Anapopiga kelele mfanyieni Julia, siyo mimi, mfanyieni yeye, hatoi habari yoyote. Habari waliishazichukua zote. Anaweka mwili wa mtu mwingine kati yake na kile kizimba cha panya kilicholetwa usoni pake, kama yule mwenye fuvu alivyomweka Bumstead, na kwa sekunde ile anataka kwa moyo wote iwe hivyo. Ndiyo maana Julia, wanapokutana bustanini mwezi Machi, kovu limemkatiza paji la uso, hasemi "nililazimishwa". Anasema ukishafanya vile huwezi kudai baadaye kwamba ilikuwa hila, maana ulipotamka ulimaanisha.

Nilipata C. Nilistahili D.

5. O'Brien siyo jambazi wa sinema. Ni mwalimu, na anajijua kuwa mwalimu: anataja hatua tatu, kujifunza, kuelewa, kukubali, na mwanafunzi wake amefungwa kitandani, dira ya mashine ya maumivu ikisoma hadi 100. Mnaandika kwamba alimlazimisha Winston kusema vidole vinne alivyomnyooshea ni vitano. Kusema alisema mapema, na O'Brien alilikataa jibu hilo, kwa sababu Winston alikuwa anadanganya. Anataka avione vitano. Na kuna dakika, someni taratibu, Winston anaviona vitano kweli. Wakuu wa Baraza la Kanisa la Kuhukumu Uzushi, anamweleza, waliwachoma wazushi wasiotubu wakazalisha mashahidi; sisi hatumuui mzushi mpaka awe wetu.

Kinachonifurahisha, Mungu anisamehe, ni pale anapouliza kwa nini Chama kinataka madaraka. Winston anatoa jibu la kukariri: mnatutawala kwa faida yetu wenyewe, binadamu ni dhaifu, na kadhalika. O'Brien anasukuma mkono wa mashine hadi 35 na kumwambia jibu hilo ni la kijinga. Chama kinataka madaraka kwa ajili ya madaraka, basi. Nikisahihisha insha zenu saa nane usiku namwelewa O'Brien kuliko inavyofaa.

6. Kiambatisho cha Lugha Mpya, lugha rasmi ya Oceania, ni sehemu ya riwaya na kimeandikwa kwa wakati uliopita. Jiulizeni anayekisimulia yuko wapi na mwaka gani.

7. Mnaotaka kulinganisha na diwani ya Sauti ya Dhiki, vizuri, lakini kwa adabu. Abdilatif Abdalla alifungwa miaka mitatu kwa sababu ya waraka wake "Kenya: Twendapi?" wa 1968, akaandika mashairi yake gerezani kwenye karatasi za choo, yakatoka, yakachapishwa 1973. O'Brien anamhakikishia Winston kwamba vizazi vijavyo havitamsikia kabisa. Msiwatie kapu moja kwa kuwa wote "waliteswa". Linganisheni karatasi: moja ilitoka gerezani, nyingine ilisomwa na polisi kabla wino haujakauka vizuri.

8. Afrika. Insha zote hizi zimeandikwa Dar es Salaam na hakuna hata moja iliyogusa Afrika, nayo imo kitabuni hadi ukurasa wa mwisho. Kile kitabu cha Goldstein, adui mkuu wa Chama, ambacho Winston anakisoma, kinataja eneo linalogombaniwa na madola matatu, na pembe zake nne: Tangier, Brazzaville, Darwin, Hong Kong. Chukueni ramani ya ukutani na rula, pigeni mstari wa Brazzaville hadi Darwin muone unapokatiza. Unapita Tanganyika. Watu wa eneo hilo, kinasema, wamefanywa karibu watumwa, wanahama kutoka mshindi mmoja hadi mwingine, na wanatumiwa kama makaa ya mawe au mafuta ili silaha zaidi zitengenezwe. Na Winston aliyekwisha kuvunjwa, amekaa Mkahawa wa Chestnut Tree na glasi yake ya jini, akichora kwa kidole kwenye vumbi la meza kwamba mbili na mbili ni tano, anasubiri habari gani? Za vita vya Afrika. Anahofia Brazzaville na Leopoldville, yaani Kinshasa ya leo. Tarumbeta linalia, Oceania imeshinda vita vya Afrika, na machozi yanamtoka, ndipo anapompenda Kaka Mkubwa. Wenyeji wa hiyo Afrika hawapewi jina wala neno la kusema, na sijaamua bado kama mwandishi alifanya hivyo kwa makusudi au naye hakuwaona.

Mada hiyo inatosha tasnifu nzima na mpaka sasa haina mwenyewe. Anayeitaka aje na kitabu mkononi, siyo desa, kabla ya semina ya Alhamisi. Makaratasi yenu yako kwenye kisanduku cha idara, na yule wa kufuga panya naomba aje kuchukua lake kwangu.