Mdogo wangu namzuia, vijana wengine nawaambia waingie ziwani

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi ni tajiri wa dagaa huku Igombe, nina mitumbwi miwili. Tangu kivuko cha MV Nyerere kipinduke karibu na Ukara Septemba 2018, upepo ukianza tu mimi sivuki kwenda Ukerewe, bora nilale Mwanza. Ila giza likiingia na ziwa limechafuka kidogo nawapigia vijana nawaambia ingieni tu mtarudi, maana mafuta nishanunua. Sasa mdogo wangu kaanza kuvua kwangu, upepo ni uleule, nikamwambia we baki leo, wenzake wakaingia. Mke wangu anasema sina huruma na roho inaniuma kweli, hao vijana nawapenda, wakiuguliwa natoa hela. Nina shida gani?

JIBU: Pole kaka yangu, na asante kwa kusema ukweli. Huruma unayo, usingekuwa nayo roho isingekuuma. Ila ukimfikiria mdogo wako unamwona kabisa kalowa anatetemeka, mama yenu analia, wakati ukisema "vijana" humwoni mtu, unaona dumu la mafuta na bei ya dagaa pale Mwaloni Kirumba. Mwaka 1997 watafiti Christopher Hsee na Elke Weber walionyesha kwamba kwenye mambo ya kubahatisha watu huwa wanadhani wengine ni majasiri kuliko wao, lakini wakiulizwa kuhusu mtu aliyekaa pembeni yao palepale, tofauti inapungua. Ndo wewe huyo. Hofu yako ya kuvuka unaijua, ya kwao huisikii, unajisemea wamezoea.

Na wao hawawezi kukwambia hapana, we ni tajiri, wanaogopa kesho utaweka wengine!

Sisemi uwazuie kila upepo kama mdogo wako, utawakosesha mgawo hata usiku ambao ziwa linaingilika, na hiyo njaa ni ya kwao na watoto wao. Anayelijua ziwa ni nahodha. Mbele ya wote sema neno lake ndo la mwisho na akikataa hakuna atakayepoteza nafasi, laifujaketi ziwe za wote, na utabiri wa hali ya hewa wa TMA usikilize kabla hujanunua mafuta sio baada. Jioni usianze na "ingieni", muulize nahodha analionaje ziwa halafu unyamaze umsikilize, akisema leo hapana mafuta yabaki kwenye dumu.